Ubeti wa Pili

Bento hakuwahi kuandika wimbo wa samba hata mmoja. Alizitunga akinyoa ndevu, na mkewe, Zulmira, akazihifadhi kichwani huku akikaanga samaki. Hata huu wa leo, wa kumsifu mwanamke mmoja wa kilemba cha manjano, alimkaririsha yeye huyo mkewe, bila haya.

Leo uwanja umefurika watu, na mwenye kilemba yuko mbele kabisa, anajichekesha. Bento akamaliza ubeti wa kwanza, akakwama. Akamgeukia Zulmira aliyekuwa akimpigia tari.

"Nikumbushe basi, mke wangu."

Ubeti wa pili wote ulikuwa umemkaa Zulmira kooni kama mwiba wa samaki.

"Muulize mwenye wimbo," akasema.

Umati mzima ukamgeukia mwenye kilemba, naye Zulmira akaendelea kulipiga tari, taratibu, akimngojea mwanamke huyo aanze.