Bibi Bado Anatuona

Nilishusha mwangaza wa kompyuta ya Mama kwa heshima zote za daktari bingwa, na uso wa Bibi kwenye simu ya video ukafifia mpaka kioo kikawa cheusi tii.

Mama alinizaba kofi la bega. "We mtoto, mama yangu umempeleka wapi?"

"Yupo, Mama. Sisi hatumwoni, ila yeye bado anatuona. Nabana chaji."

Chaja ilikuwa imeungua asubuhi, na betri ile iliyozeeka ilikuwa inakwisha kama inayokimbizwa. Nilikuwa nimekwisha kufunga kila kitu, hata mchezo wangu wa mpira, Mungu aulaze mahali pema.

Huko hospitali ya mbali, Bibi alikuwa na barakoa ya hewa usoni, hawezi kusema. Lakini kidole chake kilikuwa kimekataa katakata: haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwona Mjomba, kifungua mimba wake.

Mjomba aliingia mbio, shati limemganda mgongoni. "Yuko wapi?"

"Humo kwenye giza. Tabasamu, Mjomba."

Akainama, akajifuta uso kwa kiganja, akatoa meno yote. "Shikamoo, Mama. Nimefika. Usiogope, eti? Mimi hapa."

Juu ya kioo, kitaa cha kijani kinachoonyesha kwamba kamera inafanya kazi kilizimika. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia. Nikabonyeza tena.

"Mbona kimya?" Mjomba aliuliza, bado anatabasamu. "Ananiona?"

Mama alinigeukia.

"Anakuona," nikasema. "Endelea, Mjomba."