Mstari wa Kijani

Mbaruku aliongeza neno moja kwenye programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Java, ili majina yaliyomo yasibadilishwe inapogeuzwa kuwa JavaScript, lugha ya kurasa za mtandao. Sasa programu saidizi ya kuchora grafu ingeweza kuisoma. Akabonyeza. Mstari wa kijani, uliolala chini ya skrini wiki nzima, ukaruka hadi juu na kuwa mwekundu, rangi ya hatari.

"Imekubali!" alishangilia.

Bi Nuru, mkuu wa ofisi ya kusimamia bwawa, alisimama. "Mbaruku, hicho ndicho kina halisi cha maji ya bwawa la mlimani?"

"Ndiyo, mama."

"Na ule wa kijani?"

"Wa mfano tu, skrini isikae tupu. Nilidhani unajua."

Bi Nuru aliligeukia dirisha. Bondeni, chini ya bwawa, wanawake walikuwa wakitandika majamvi ya harusi.