Kalamu ya Mnadhimu

Siku zote bungeni, mnadhimu wa chama, anayewaelekeza wabunge wake namna ya kupiga kura, akiinua kalamu yake, Mheshimiwa Lubango husimama kuunga mkono. Akiilaza mezani, Lubango hubaki ameketi. Leo, kwenye muswada wa kuandikisha kila bunduki nchini, kalamu ilikuwa mfukoni.

"Mzee, vipi?" Lubango alinong'ona. "Tunasimama au tunakaa?"

"Chama kimesema kila mtu na dhamiri yake."

"Sawa, lakini dhamiri yangu inatakiwa isemeje?"

Mnadhimu alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Ndugu yangu, hiyo sasa mimi sina."

Lubango akatazama juu, kwenye viti vya wageni, alikokaa dada yake Nyanzobe. Mume wa Nyanzobe aliuawa kisimani kwa bunduki ambayo mpaka leo haijulikani ni ya nani. Tangu hapo Nyanzobe mwenyewe hulala na bunduki isiyoandikishwa chini ya kitanda, maana wezi wa ng'ombe bado wanakuja. Asubuhi alimwambia, "Kaka, nikiipeleka kuandikishwa wakaichukua, mimi na wanangu tumekwisha." Kisha, akimfunga vifungo vya koti, akasema, "Lakini zingekuwa zimeandikishwa, tungemjua aliyemuua baba yao."

"Wanaoafiki wasimame!" Spika aliita.

Viti vililia ukumbi mzima. Lubango alimtazama tena dada yake. Nyanzobe alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Magoti ya Lubango yalikunjuka nusu. Akabaki hivyo, ameshika meza kwa mikono miwili, si wa kusimama, si wa kukaa, huku karani akija safu kwa safu, akihesabu vichwa.