Kilicho Juu ya Paa

Kilonzo alikuwa juu ya paa la Saadiya, miguu mitupu, aking'oa makuti na kuyarusha chini.

"Mzee Kilonzo, hayo nilinunua mimi," Saadiya akamwambia kutoka uani. "Bati lako linatuchoma. Mama yangu yumo humo ndani, na pumzi zake unazijua."

"Nyumba ni ya nani?"

"Yako."

"Basi kilicho juu ya paa langu ni changu."

Kufikia jioni makuti yote yalikuwa yamehamia ng'ambo ya ua, juu ya nyumba ya Kilonzo mwenyewe. Akalala kwa ubaridi bila kununua feni.

Ndivyo alivyokuwa. Alistaafu kazi Nairobi, akaja Voi mwaka wa zile mvua za El Nino, akanunua ploti ya mwisho kabisa mtaani, ukingoni mwa mbuga, kwa bei ya kutupa. Aliisifu bei hiyo mpaka ikajulikana msikitini, na yeye wala hasali huko. Hakuuliza kwa nini ilikuwa rahisi, wala kwa nini kona ya jikoni ilikuwa imejengwa upya. Redio aliizima nyimbo zikianza, akaiwasha tena wakati wa habari. Betri zake zikiisha nguvu, alizianika juani.

Mwaka uliofuata kuja kwake, mvua zilikatika. Hazikupita siku nyingi tangu makuti yachukuliwe, Bi Nuha, mamake Saadiya, akaanguka akitia udhu. Bati lilikuwa likialika kwa jua. Ikabidi apelekwe milimani Bura, kwa Dinah, jirani yao wa zamani, angalau apate hewa.

"Nirudishe kwangu, mwanangu," bibi alilia. "Nisije nikafa kwenye kitanda cha watu."

Saadiya hakulia. Aliporudi Voi alivuka barabara, akaenda kwa Ndunge.

Ndunge aliuza ndizi mbele ya nyumba yake ya mawe, ndizi za Mboghoni, zilizoshushwa asubuhi kutoka Taveta. Zilizobaki hazikulala pale. Kila siku kabla ya adhana ya magharibi alizipakia kwenye mkokoteni zikalale stoo mjini, kisha akafagia, hata ganda moja asibakishe.

Kilonzo alikuwa akimcheka. "Mama, hiyo pesa ya mkokoteni si unaitupa? Funika turubai ulale!"

"Haya, mzee," Ndunge alimjibu kila mara, akaendelea kufagia.

Sasa Saadiya akamwambia, "Niletee migomba. Mibichi, na majani yake."

"Ya mbuzi?"

"Ya paa."

Ndunge akaweka kisu chini. "Dada, una wazimu?"

"Haitalala kwangu."

Ndunge akamtazama, akaitazama nyumba ya Kilonzo, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

Migomba ikaja. Saadiya akaipasua, akaipanga juu ya bati lake, maji yakichuruzika mpaka ukutani. Jua la mchana lilipokuwa kali kweli, akaketi mlangoni kwake, amejitanda leso mabegani kama mtu anayesikia baridi.

Haikuchukua muda. Kilonzo akavuka ua, akaingiza kichwa chumbani, akakitoa polepole.

"Hii ni nini?"

"Migomba tu, mzee. Imejaa maji. Makuti hayafiki hata robo yake." Saadiya akashusha sauti. "Lakini hii niachie, tafadhali. Nimeitafuta kwa shida."

"Paa ni la nani?"

Saadiya akainamisha kichwa. "Basi angalau nirudishie makuti yangu."

"Chukua! Yananiangushia nge kitandani."

Migomba aliihamisha mwenyewe, asije akamlipa kibarua. Alipanda na kushuka, jasho likimtiririka, akaijaza juu ya nyumba yake yote, mpaka juu ya jiko. Saadiya naye akayakusanya makuti yake, hakusahau hata kuti moja. Akayapakia kwenye mkokoteni, na juu yake kitanda, sufuria na godoro la mamake.

"Kwani unahama?" Kilonzo akauliza kutoka juu.

"Nahamia kwa Ndunge, chumba cha uani. Kesho namfuata mama. Safari hii atalala chini ya makuti yake."

"Na mimi chini ya migomba!" Kilonzo akacheka peke yake, akashuka, akaingia ndani kujinyoosha, redio kifuani.

Saadiya hakucheka. Alimsaidia mwenye mkokoteni kusukuma.

Jua lilipokuwa likizama, wanawake wawili waliketi ndani ya nyumba ya mawe, mlango umekomewa, vikombe vya chai mkononi. Ndizi zilikuwa zimekwisha kwenda mjini. Mbwa wa mtaa walibweka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja. Halafu bati la Kilonzo likalia, na si kwa jua.

"Saadiya!" Sauti yake ilitoka chini chini, kama ya mtu aliye uvunguni. "Saadiya, nakuomba! Njoo uchukue migomba yako!"

Saadiya akapuliza chai, akanywa funda moja, akafungua kidirisha.

"Yangu, mzee? Si ulisema kilicho juu ya paa lako ni chako?"

Ndovu wa kwanza alikuwa bado anatafuna. Wa pili akapitisha mkonga juu ya ukuta, akaanzia kwenye kona ya jikoni.