Sentensi ya Kwanza

"Andika," baba alisema. "Vijana wa leo hawaandiki, wanabwabwaja tu. Lugha..."

Neno likagoma. Tangu apigwe na kiharusi, upande mmoja wa mdomo wake ulining'inia kama pazia lililochomoka msumari, na makala yake ya Jumapili, ya kukemea vitabu na filamu za siku hizi, iliandikwa kwa mkono wa bintiye.

"Lugha ni..." Alipiga godoro kwa ngumi ya mkono mzima. Machozi yakamlenga. "Mungu wangu, imeniponyoka."

"Usijitese, baba." Binti akaandika haraka, kisha akamsomea: "Lugha ni mama. Hata ukimkimbia, siku ukiumia utamwita yeye."

Baba akatulia. Binti akamfuta mate kidevuni.

"Hiyo hiyo! Ndiyo niliyokuwa naitafuta. Umeiona? Nyie watoto, hata mkiota pembe hamtaandika hivyo."

"Hatutaweza, baba."

Ilikuwa sentensi ya kwanza ya riwaya ya binti mwenyewe. Miaka michache nyuma alimpa baba mswada, akangoja mwezi mzima, na baba akaurudisha akisema ameusoma wote, tena kwa makini, na ni takataka. Binti akamwamini. Akauchoma uani, karatasi baada ya karatasi.

"Hebu isome tena," baba alisema, akitabasamu kwa upande uliobaki.

Akaisoma tena. Ndiyo pekee aliyokuwa bado anaikumbuka.