Tone la Pili

Astère alipomaliza kumchoma mtoto kidole, alichukua sindano mpya akajichoma cha kwake.

“Yesu wangu! Na we muganga unaumwa?” Koko Dorothée, bibi wa mtoto, alishtuka.

“Apana, Koko. Mi ni muzima, ndiyo maana. Tone la mgonjwa halisemi kitu bila tone la mzima pembeni.”

“Si uchukue yangu? Damu niko nayo.”

“Ya kwenu apana. Huu ugonjwa unatembea katika ukoo. Siku zote tunachukua ya Joëlla, mwenzangu, wa hapa maabara, lakini amejifungua juzi.”

Jordan, mwenye miaka saba, alikaa amekumbatia miguu yake. Kwa miezi minne sasa ilikuwa ikimwaka moto kama amekanyaga makaa. Mjomba wake Bonfils alianza hivyohivyo. Koko alimzika huko Kinama, kijana, figo zimekufa.

“Akicheza anatoka jasho?” Astère aliuliza huku akiandika. “Wenye huu ugonjwa wanabaki wakavu.”

“Eh, mwanangu, nani anahesabu jasho la mutoto?”

Kila tone likaingia kwenye kichupa chake, juu ya rangi iliyolala. Kimeng’enya wanachokikosa wagonjwa hawa ni mfagizi wa takataka za mwili: kikiwa hai, kitaiamsha rangi, nayo itang’aa buluu chini ya taa ya zambarau. Kikiwa hakipo, ni giza. Na dawa ya giza haikupatikana Bujumbura.

Wakangoja. Jua la Kigobe likapanda juu ya bati. Koko alijifuta shingo kwa kitenge. Jordan alisinzia, jasho likimdondoka puani. Astère peke yake alikuwa mkavu kama karatasi.

“We umeoa barafu?” Koko alimtania. Kisha akamtegea kitendawili kwa mtindo wa Kirundi. “Haya, sokwe!”

“Niruze!” Astère akaitika.

“Nimekibeba tangu nizaliwe, sijawahi kukiona.”

“Hiyo ngumu, Koko. Nitajibu nikimaliza.”

Akafunga pazia, akawasha taa. Kichupa kimoja kikawaka buluu. Kingine kikabaki cheusi kama shimo.

Koko alifumba macho. “Sema tu. Chenye giza ni cha Jordan?”

Astère alisoma namba. Akaenda kwenye daftari, akarudi, akaisoma tena.

“Apana, Koko. Cha Jordan ndicho kinachowaka. Miguu yake tutatafuta sababu nyingine. Muende nyumbani.”

Koko alipiga vigelegele hadi watu wa nje wakachungulia. Alimbeba Jordan mgongoni, mtoto mzima vile, na mlangoni akageuka akicheka.

“Muganga! Hukujibu. Ni kisogo!”

Astère hakusikia. Alikuwa amevua viatu, na kwa nyayo zake, kama alivyozoea tangu utotoni, alitafuta sehemu ya sakafu iliyo baridi zaidi.