Jino la Kwanza

Mshonaji alikuwa amebakiwa na kisu kimoja tu. Vingine vyote vilivunjika akikisia mwendo wa mashine ndogo ya kuchonga, aliyoiunda mwenyewe stoo ili atengeneze gia ya shaba ya cherehani yake. Gia hiyo haikuuzwa tena popote.

Mezani kulikuwa na vipima mwendo viwili, kimoja cha mwanga na kingine cha sumaku.

“Chukua cha mwanga,” mumewe alisema akiwa mlangoni. “Ndicho cha kisasa.”

Mshonaji alipitisha kidole kwenye mhimili unaozungusha kisu. Kikatoka cheusi tii kwa mafuta na unga wa shaba.

“Hicho cha mwanga kitapofuka leo leo, baba watoto. Sumaku haijali mafuta, na unga wa shaba haunasi kwenye sumaku.”

Akabandika kwenye mhimili kisumaku kidogo kama punje ya mchele, akaweka kipima cha sumaku karibu yake, akawasha mashine. Namba za kipima zikaruka ruka, kisha zikatulia. Akapunguza mwendo, akapumua, akashusha kisu.

Shaba ikakatika kwa sauti moja laini. Jino la kwanza la gia likajitokeza, linang'aa.

Akapiga kigelegele mpaka jirani akafungua dirisha. Mumewe alikwishaingia, amemwinamia begani.

“Sogea,” mshonaji akamwambia, “unanizibia namba.”